Njiwa wa Mama Wanis

Baridi ya mwaka ule ilimlaza Mama Wanis kitandani, lakini ulimi wake haikuuweza. Aliomba kitanda chake cha chuma kiwekwe karibu na mlango, ili aone ua wote: tanuri, zizi la mbuzi, ngazi ya kupandia darini kwenye njiwa wake, na Febronia, mke wa mwanawe, akienda na kurudi. Alipomwona amesimama alimwita mvivu. Alipomwona anakimbia alimuuliza amemwachia nani mtoto anayelia. Kisha alijigonga paji la uso, akasema, "Ah, nimesahau. Huna."

Wanis alikuwa Kuwait, akipaka lipu nyumba za watu, na alirudi kijijini mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili. Mtoto angepatikanaje kwa ratiba hiyo, Mama Wanis hakutaka kulifikiria hilo. Kosa lilikuwa la Febronia, kama lilivyokuwa la Febronia maji yakikatika.

Daktari wa mjini alisema damu ya mama imekwisha. Ale maini, mayai, maziwa na supu, la sivyo hawatafika naye Pasaka. Mfungo Mkubwa ulikuwa umebakiza siku chache uanze, na katika mfungo ule Wakristo wa kijijini hawagusi nyama wala maziwa wala hata samaki. Hukaa na njaa mpaka alasiri, halafu hula maharage. Mama Wanis alimsikiliza daktari kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani, akafunga.

Abuna Bisada, kasisi wao, alikuja na msalaba wake mdogo wa mbao mkononi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama Wanis, mgonjwa hafungi. Kanisa linakupa ruhusa. Kunywa maziwa, dhambi iwe juu yangu."

"Zako zinakutosha, Abuna, usijiongezee. Ruhusa hiyo wape wapenda matumbo. Mimi tangu nikiwa msichana hakijaingia kinywani mwangu hata kijiko cha maziwa wakati wa mfungo. Wewe unasema si dhambi. Moyo wangu unasema ni dhambi. Nikinywa nitakuwa nimekunywa dhambi, au siyo?"

Hapo alimfunga kasisi mdomo. Jumapili iliyotangulia Abuna mwenyewe alikuwa amehubiri kwamba mtu asile kitu ambacho dhamiri yake inakikataa, hata kama kitu chenyewe hakina ubaya wowote, kwa kuwa Mungu atamuuliza moyo wake kabla ya kumuuliza tumbo lake. Alihubiri vizuri, wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Sasa alikaa anauzungusha msalaba vidoleni, akaaga kabla chai haijachemka.

Wiki ya pili ya mfungo Mama Wanis alianguka uani. Febronia alimbeba mgongoni mpaka kitandani, na njia nzima mama alimwambia anabebwa vibaya. Jioni ile Wanis akapiga simu.

"Nasikia mama yangu anakufa na njaa ndani ya nyumba yangu, na wewe upo."

"Anakataa, Wanis. Unataka nimbane pua?"

"Sijui utafanya nini. Wewe ndiye mwanamke wa nyumba. Akifa kwa njaa mikononi mwako, usihangaike kunipigia. Rudi kwenu."

Kwao ilikuwa ni kaka aliyekuwa na mke na watoto saba, na mke huyo alishasema wazi kwamba nyumba imejaa. Febronia alijifunika shela, akaenda kanisani akamkuta Abuna anafunga madirisha.

"Abuna, nikimtilia supu kwenye chakula bila yeye kujua, dhambi ya nani?"

Abuna aliangalia kwanza kama kuna mtu nyuma yake. "Asiyejua hana dhambi."

"Na mimi ninayejua?"

"Dhamiri yako inakuambiaje?"

"Inaniambia asife."

"Haya."

"Haya ndiyo ruhusa?"

"Sijasema ruhusa, binti yangu. Nimesema haya." Akafunga dirisha la mwisho.

Kesho yake mchana, mama alipopitiwa na usingizi, Febronia alipanda darini na kisu. Njiwa walikuwa mali ya Mama Wanis kuliko nyumba yenyewe. Aliwaleta kutoka kwao alipoolewa, akawazalisha, akawajua mmoja mmoja kwa sauti, na kwa Pasaka na kwa wagonjwa ni yeye tu aliyeamua nani achinjwe. Febronia alikamata wa kwanza aliyemfikia. Alimchinja, akamnyonyoa, akamchemsha kwenye jiko la mafuta ya taa palepale juu, upande ambao upepo ulipeleka harufu mashambani. Aliomba Mungu aione nia yake, asiangalie sufuria.

Kwa ile supu alipika bisara, maharage yaliyopondwa mpaka yakawa uji mzito wa kijani, akazidisha minanaa, bizari na kitunguu cha kukaanga mpaka hata yeye mwenyewe hakuisikia tena ladha ya njiwa. Saa ya kufungua ilipofika alimpelekea mama bakuli na mkate, akasimama pembeni.

Mama Wanis alionja. Akala tena. Akapangusa bakuli kwa mkate.

"Leo umepika," alisema. "Miaka yote ulikuwa unatulisha tope."

Febronia akachukua bakuli, akageuka, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu baya, na alilijua. Alikuwa amekwenda darini kumwokoa mtu, akashuka na kitu kingine kimemganda moyoni: raha ya kumwona bibi yule, aliyemsimanga kwa ugumba kila siku, akilamba vidole juu ya mfungo uliovunjika. Alijiambia raha hiyo ni ndogo na wema ni mkubwa. Kesho yake alipanda tena.

Njiwa walikwenda mmoja mmoja. Siku nyingine ikawa bisara, siku nyingine dengu, siku nyingine mlenda. Mama Wanis akaanza kupata rangi. Akaketi. Akashika fimbo. Siku moja alisikiliza juu, akakunja uso.

"Njiwa wamepungua."

"Kipanga, Mama. Anakuja mchana."

"Kipanga gani huyo aliyefunga nyama za kila mtu isipokuwa zangu?"

"Kipanga hana dini, Mama."

Mama akacheka, jambo ambalo lilikuwa nadra. Febronia naye akacheka, na kwa nusu saa nzima wakawa wanapatana.

Kabla mfungo haujafika nusu, Mama Wanis alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu yake, anasimama misa yote ya mchana, anapokea komunyo, na anarudi akisimama kwenye kila baraza kuwaonyesha watu mashavu yake. "Daktari alisema maini," aliwaambia. "Mimi nikasema Mungu. Haya, niangalieni. Maharage na mafuta." Wanawake walimbusu mkono. Abuna Bisada alipopita aliangalia viatu vyake.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Vivyan, mke wa Ghattas seremala. Alikuwa ameolewa zamani kama Febronia, na kama Febronia alikaa miaka mingi bila mtoto. Wawili hao walikuwa wakikaa nyuma kabisa kwenye harusi, wasiulizwe. Mwaka ule Mungu alimkumbuka Vivyan, na tumbo lilikuwa limeshaonekana vizuri. Naye daktari alimwambia damu ni kidogo, naye Abuna alimpa ruhusa, naye alikunywa maziwa asubuhi na mayai jioni, tena bila kujificha, mpaka alasiri moja Mama Wanis alipomkuta barazani na glasi mkononi.

"Unakunywa nini, mwanangu?"

"Maziwa, shangazi. Daktari kasema. Na Abuna amenipa ruhusa."

"Ametoa ruhusa, ndiyo. Hata mimi alinipa." Mama Wanis akaketi karibu naye, akamshika goti. "Nilikuwa nachungulia kaburi, na mimi si msichana kama wewe. Nikakataa. Mungu amenipa nini? Angalia. Wewe umemwomba mtoto miaka yote hiyo, amekupa, na sasa huwezi kumpa mfungo mmoja? Lakini kunywa, kunywa. Si kila mtu ana imani."

Wanawake wengine waliokaa barazani wakaangalia chini. Vivyan akaiweka glasi kwenye jiwe. Febronia alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake ameshika mto wa kukalia, na alimwona paka wa Ghattas anakuja kuyanywa yale maziwa.

Tangu siku ile Vivyan akafunga. Febronia alivumilia siku mbili, siku ya tatu akaenda kwake, akamkuta anasuka makuti ya Jumapili ya Matawi, midomo imemkauka.

"Vivyan, kunywa maziwa."

"Mama mkwe wako ameweza."

"Yule ni yule. Wewe una mtoto."

"Ndiyo maana. Kila nikimeza naona kama namwibia Mungu kitu. Zamani sikuona hivyo. Sasa naona. Nikinywa na moyo unanisuta, si itakuwa dhambi, tena juu ya mtoto?" Alimtazama Febronia kama anayeomba abishiwe. "Au kuna kitu unakijua?"

Swali ndilo hilo, na jibu lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Maneno matano tu yangetosha. Lakini Vivyan hakuwa mtu wa kufunga siri. Leo angenywa maziwa, kesho kijiji kizima kingejua, mama angejua, Wanis angejua. Kule kwa kaka nyumba ilikuwa imejaa. Na zaidi ya hayo, mama angeacha kula. Febronia aliyapanga yote hayo haraka haraka moyoni, na akayaita dhamiri.

"Sijui kitu," alisema. "Kunywa tu maziwa."

"Nitafikiria," Vivyan akasema, akaendelea kusuka.

Febronia alijiahidi kumwambia kesho. Kesho alikuwa na mkate wa kuoka. Kesho kutwa mama alikuwa na wageni. Jumapili ya Matawi, kanisa limejaa makuti na watoto, Vivyan alishika nguzo, akateleza polepole mpaka chini, na waliomnyanyua wakaona damu kwenye mkeka. Ghattas alimkimbiza mjini kwa gari la kubebea mbao. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa mapema mno, akakata roho kabla hajapewa jina. Daktari alisema huenda ni damu kuwa kidogo, na huenda ingetokea hata angekunywa ng'ombe mzima. Hakuna aliyeweza kusema. Febronia aliyasikia maneno hayo kwa Ghattas, akayang'ang'ania siku nzima, lakini hayakumbeba.

Jumanne wanawake wakaenda kumpa pole Vivyan. Walikaa chini wamevaa nyeusi, kahawa chungu mikononi, na Vivyan alikuwa amelala kwa ubavu, maziwa yake mwenyewe yakimlowesha nguo bila kazi. Mama Wanis akapewa kiti, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa kupewa kiti. Kisha akaanza.

"Mwanangu, nikuambie kitu kitakachokusaidia huko mbele. Mungu haangalii kufunga, anaangalia ulivyofunga. Wewe ulifunga nusu. Mwanzo maziwa, halafu ukaona aibu, ukaacha. Huo ni mfungo wa aibu. Mimi nilifunga kwa moyo mmoja tangu siku ya kwanza, ndiyo maana mimi niko hapa, na mwanao..."

"Mama, ulikuwa unakula njiwa," Febronia akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshika sinia la vikombe, na aliliweka chini vizuri ili kahawa isimwagike.

"Anasema nini huyu?"

"Kila siku. Kwenye bisara, kwenye dengu. Nilikuwa nawachinja darini. Hukupona kwa maharage, Mama. Umepona kwa supu."

Mama Wanis alitazama nyuso za wenzake moja baada ya nyingine, na kila mmoja akakwepesha macho. Mkono ukamwendea mdomoni.

"Njiwa wangu?"

"Njiwa wako."

"Na yule mweupe, mwenye manyoya miguuni?"

Febronia angeweza kusema yule yupo. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua habari za yule. "Na yule," alisema, na ile raha mbaya ikampitia tena mwilini, safari hii hakuigombeza.

"Nimepokea komunyo," Mama Wanis akasema, sauti imemwisha. "Nimepokea na nyama tumboni."

Lakini aliyemmaliza Febronia alikuwa Vivyan. Alijigeuza kwa taabu, akamwangalia.

"Ulikuja ukakaa hapa. Nikakuuliza kama kuna kitu unakijua."

"Vivyan..."

"Nilikuuliza. Ulisema hujui kitu." Akageukia ukuta. "Mtoeni. Wote wawili, watoeni."

Pasaka ikafika. Kila nyumba ilinukia nyama, watoto walikuwa na nguo mpya, na baada ya Pasaka huja zile wiki za furaha ambazo kanisa limekataza kabisa mtu kufunga. Mama Wanis akaanza mfungo wake upya siku ileile ya Pasaka. Alisema ule wa kwanza umeibiwa, atamlipa Mungu wake wote, siku kwa siku.

Abuna Bisada akaja. "Sasa kufunga ndiyo dhambi, Mama Wanis. Siku hizi hazifungwi."

"Wewe ulijua?"

"Nini?"

"Njiwa."

Abuna akashika msalaba, akaangalia viatu vyake.

"Basi toka," akasema mama. "Moyo wangu hauna kasisi tena."

Jiko la mafuta ya taa likashushwa kutoka darini, likawekwa miguuni pa kitanda. Febronia alipika hapo, mbele ya macho yake. Kila siku swali lilikuwa moja.

"Umetia nini?"

"Chumvi na mafuta, Mama."

"Apa."

"Naapa."

Na ilikuwa kweli. Febronia alikuwa ameapa mbele ya picha ya Bikira kwamba hatamdanganya tena mtu yeyote, hata kwa faida ya mtu huyo mwenyewe. Alipika maharage safi, akamwona mama anarudi kitandani wiki kwa wiki, mashavu yakibonyea, mpaka mkono wake wa kijiko ukahitaji kushikiliwa.

Wanis akapiga simu. Alikuwa amesikia yote, na hakuwa na hasira kama Febronia alivyoogopa.

"Mara ya kwanza uliweza. Tia tena. Macho yake hayaoni vizuri sasa, tia kidogo."

"Siwezi. Dhamiri yangu inakataa."

"Dhamiri yako? Ilikuwa wapi wakati ule?"

"Wakati ule ilikubali."

Hata Abuna alimvuta kando baada ya misa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba pengine, kwa kiasi, kwa hali ilivyo. Febronia akamuuliza kama hiyo ni ruhusa. Abuna akasema haya.

Siku ya mwisho mama alikuwa mtulivu. Jua la alasiri lilifika mpaka kitandani. Darini njiwa wachache waliobaki walikuwa wanaguguma, na mama aliwasikiliza macho yamefungwa. Kisha akamwita Febronia kwa jina, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho.

"Febronia, mwanangu. Jiko hili linanitia joto. Lipeleke juu ukapikie huko."

"Juu, Mama?"

"Bisara. Ile ya wakati ule." Alimeza mate kwa shida. "Mimi sioni tena vizuri. Leo sitakuuliza umetia nini."

Febronia alisimama na kitambaa mkononi. Alielewa, na mama alijua ameelewa. Mama asingeweza kuomba kwa maneno wazi zaidi bila kuivunja ile nadhiri yake kwa mdomo wake mwenyewe. Ilikuwa ruhusa ya kweli, ya kwanza kupewa katika jambo lote hili. Alichukua jiko, akapanda ngazi. Njiwa mmoja wa kijivu alikuja mpaka kwenye mguu wake, kwa kuwa hawakuwahi kumwogopa. Alimtazama. Alifikiria kiapo chake kwa Bikira. Alifikiria glasi ya maziwa juu ya jiwe, na miaka yote ya "ah, nimesahau, huna." Vyote vilikuwa moyoni kwa pamoja, vimechanganyika mpaka hakuna kilichokuwa na ladha yake, na hakujaribu kuvitenganisha.

Alishuka na bakuli, na yule njiwa wa kijivu akabaki darini anaguguma. Akamwinua mama, akamweka kifuani mwake, akamtilia kijiko kinywani taratibu, kama mtu anayempenda.

Mama Wanis hakumeza. Aliikalisha ile bisara ulimini muda mrefu, akitafuta ladha ya wakati ule. Kisha akafungua macho, akamwangalia Febronia kwa karibu sana, na hakuuliza kitu, kama alivyoahidi.

"Chumvi na mafuta, Mama," Febronia akamwambia. "Naapa."